Huyu wa "laptopu mbovu kaeni nyuma" nani alimpa maiki?

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi na bado natetemeka. Jina sitaji, mnamjua. Ni yuleyule wa kila mwaka kwenye kongamano la waunda programu la vyuo, mwenye slaidi 140 na saa ya dhahabu. Warsha ya programu za simu, watu kama 200, wanafunzi, wahadhiri na mafundi wa maabara, kapanda jukwaani na neno lake la kwanza: "Haya, kila mtu apakue Android Studio," ile programu ya kuundia programu za simu.

Jamani! Faili lile peke yake linagonga GB 1, hapo hujagusa SDK (zana zake za kuundia) wala emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta). Zidisha kwa 200. GB 200 kwenye laini ya Mbps 50 ni karibu saa 9, na warsha ni ya saa 2. Mpaka imalize kushuka, mjukuu wa mtu keshakuwa profesa.

Intaneti ikagoma, tena mapema. Bwana mkubwa akachukua maiki, akatutazama, akasema: "Wenye laptopu mbovu kaeni nyuma, mtazame wenzenu." Nyuma! Kwa wapishi!

Laptopu ina kosa gani hapo? Ruta ilikuwa moja, ya nyumbani, ile ya antena mbili, inagawa anwani za IP, zile namba ambazo kila kifaa lazima kipewe ili kiingie mtandaoni, kuanzia .100 mpaka .199. Hizo ni 100 tu. Watu 200, kila mtu na laptopu na simu yake, vifaa 400. Kuanzia wa 101, Windows inajipa yenyewe anwani ya 169.254, isiyofika intaneti, na kukuandikia "hakuna intaneti". Hata uje na mtambo wa NASA utapata 169.254. Halafu unaambiwa mbovu ni laptopu yako, kaa nyuma.

Yeye je? Kachomeka waya wa LAN kwenye ruta. WAYA! Kwake kila kitu kinashuka, anatushangaa.

Na kazi yenyewe ni ya jioni moja. Chukua flashi 10, zifomatiwe kwa exFAT, maana fomati ya FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Weka setapu ya Android Studio, ya Windows na ya Linux, pamoja na SDK iliyozipiwa, zizunguke mezani watu wanakili. Jenga mradi wa mfano mara moja kwenye mashine yako ili Gradle, chombo kinachojenga programu, ivute maktaba zake, kisha wape watu folda ya .gradle wajenge kwa --offline, yaani bila intaneti. Emuleta achana nayo, simu wanazo: kwenye mipangilio gusa nambari ya muundo (build number) mara 7, washa utatuzi wa USB, chomeka, kazi imekwisha.

Sasa nauliza, nyuma ni wapi? Kwenye sufuria za pilau?

KodiKavu: Hahaha, nimemjua kwenye "slaidi 140", hata kwenye saa sijafika.

Mkutubi Mstaafu: Barua pepe ilisema mje na Android Studio tayari. Hamsomi, mnakuja na matumbo tu.

Mwenye uzi: Ilitumwa saa 5 usiku wa kuamkia leo! Hata hivyo hiyo si hoja. Hoja ni kwamba alisema KAENI NYUMA.

Mkutubi Mstaafu: Sasa ulikaa au hukukaa?

Mwenye uzi: Nilikaa.

KodiKavu: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

BintiSeva: Dada yenu niongeze hapo kwenye ruta. Hata wangeleta tatu, mafundi wetu wangeziweka zote chaneli 6. Kwenye waifai ya 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11 tu. Laptopu zipelekwe 5 GHz, na mask, ile inayoamua mtandao una anwani ngapi, iwe 255.255.252.0, hapo una anwani 1,022 na bado zinabaki.

Fyuzi13: Waifai tuache. Nani alichomeka jagi la chai la W 2,500 kwenye ekstensheni ya laptopu? Ekstensheni tatu zimeungwa mkia kwa mkia mpaka soketi moja, chaja 40 za W 65. Jumla W 5,100, wakati plagi ya A 13 kwa V 230 mwisho wake kama W 3,000. Waya ukachemka kabla ya chai, fyuzi ikakata, Tanesco wakatukanwa bure.

Chapati_Mbili: Mimi hizo wati hazinihusu. Wahadhiri kuku, wanafunzi soda na keki kavu, na kiingilio tumelipa wote.

Fundi Maabara: Acha uongo, hata sisi wafanyakazi tulipewa keki. Kuku ilikuwa PhD kwenda juu.

Cheti Hewa: Afadhali nyie mmekula. Mtu kapanga safu ya majina peke yake kwenye Excel, safu ya barua pepe ikabaki ilivyo. Basi kila mtu kapata cheti cha mwenzake. Mimi leo ni Mwajuma, na nina ndevu.

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Alisema KAENI NYUMA, mbele ya watu 200.

Mwaka wa Tatu Milele: Pole mkuu. Naomba kuuliza pembeni, ThinkPad X240 ya GB 4 inaongezeka RAM?

BintiSeva: Tundu ni moja tu mdogo wangu, kwa hiyo 4 inatoka, inaingia 8. Nunua DDR3L, ya volti 1.35. DDR3 ya 1.5 inaingia tundu lilelile bila shida, ila mashine haiwaki na muuzaji haipokei tena.

Fyuzi13: Na kabla hujafungua kifuniko ingia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, uzime betri ya ndani. Kutoa ya nje peke yake hakutoshi.

Mwenye uzi: Hivi mnanisoma kweli?

KodiKavu: Mkuu kaa nyuma kidogo, tunaongea RAM.

Chapati_Mbili: Kwa Kariakoo hiyo 8 inaenda shilingi ngapi?

Mkutubi Mstaafu: Usiende Kariakoo, ninayo ya mashine iliyoungua ubao. Njoo PM.