Pumu ya ngozi ukubwani: kila nikiacha dawa inarudi. Nifanyeje?

Mwalimu_Chaki: Heshima kwenu wanajamvi. Nina miaka 36, pumu ya ngozi ninayo tangu utotoni. Nyumbani walisema nikibalehe itaisha. Wapi! Nikiwa Tanga adui alikuwa jasho, mikunjo ya viwiko ikiwaka mchana kutwa. Nikahamishiwa Njombe, nikajua nimepona. Juni hii mikono imepasuka mpaka chaki naishika kwa kitambaa. Nalala nimevaa soksi mikononi na bado asubuhi shuka lina matone ya damu.

Duka la dawa wananipa krimu ya betamethasoni, ile steroidi ya kupaka. Napaka siku tano, ngozi inatulia, naacha. Wiki mbili tu imerudi na hasira zake. Mwaka wa tisa huu. Sasa ngozi ya kiwiko imekuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Niitupe? Nyama, mayai na dagaa nimeshaacha, nimeambulia kukonda.

Kibarazani: Pole mkuu. Chemsha majani ya mwarobaini uogee. Shangazi yangu alipona kabisa.

MamaPacha: Kibarazani, mwarobaini nimeuchemsha mpaka mkaa ukaniishia, ngozi ikazidi kukauka. Mwalimu, mimi ninayo tangu 1998. Kilichonisaidia ni mafuta mgando yasiyo na manukato. Oga maji ya vuguvugu (najua baridi ya huko, lakini ya moto sana yanakausha), dodoki weka pembeni, jifute kwa kugusagusa, kisha paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Kopo moja bafuni, jingine kwenye mkoba. Wakinicheka kwamba nang'aa kama andazi, wacheke. Na sweta la sufu livae juu ya fulana ya pamba.

Daktari_Mtaa: Nahudumu kliniki ya ngozi. Mwalimu, shida si dawa tu, ni namna unavyoitumia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo watu huacha muwasho ukiisha. Pitisha kidole: kama bado pana mkwaruzo au unene, moto haujazimika. Ukishatulia, wengine tunawapangia kupaka mara mbili kwa wiki sehemu zinazorudia, ili usilipuke upya. Kipimo: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza unatosha eneo la viganja viwili.

Lakini hicho kiwiko usikipake tena kabla hakijaonwa. Ipo dawa nyingine ya kupaka, takrolimasi; si steroidi na haifanyi ngozi kuwa nyembamba. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wahitimu wake wametawanyika mikoani; ulizia hospitali ya mkoa. Ukiona magamba ya njano yenye usaha, homa, au vilengelenge vinavyouma na kusambaa haraka, nenda siku hiyohiyo. Halafu soma boksi la krimu yako.

Mwalimu_Chaki: Nimelisoma. Kumbe ndani mna dawa tatu, ya fangasi na ya bakteria zimo! Miaka tisa na sijawahi kuligeuza, na mimi ndiye nawaambia wanafunzi wasome swali mara mbili. Ijumaa naenda hospitali ya mkoa. Daktari, na mayai je?

Daktari_Mtaa: Kwa mtu mzima chakula ni nadra kuwa chanzo. Kama hayakuwahi kukudhuru, kula.

MamaPacha: Kula mawili, mwalimu.