Probayotiki na msongo wa mawazo: ukweli au tunapigwa?

Kijogoo_wa_Mbagala: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa anauza vidonge vya probayotiki (bakteria wazuri wa tumbo) stetasi, kaandika "asilimia 90 ya serotonini inatengenezwa tumboni, tibu tumbo msongo uishe", chupa elfu 85. Waifu kashaanza kuniuliza hela, maana tangu aanze dozi ya antibayotiki hana raha, kitu kidogo tu analia. Kuna ukweli au tunapigwa?

DaktariUchwara: Hiyo 90 ni kweli mkuu, serotonini ni kemikali ya mwili inayohusika na hisia, ila kakuficha nusu ya pili. Serotonini ya tumboni haipenyi kuingia kwenye ubongo, kazi yake kubwa ni kusukuma chakula kwenye utumbo, ya ubongo inatengenezwa hukohuko kichwani. Bakteria wana njia zingine za kuongea na ubongo, mojawapo mshipa wa fahamu wa vagasi unaoshuka mpaka tumboni. Mwaka 2011 watafiti wa Cork kule Ayalandi waliwapa panya bakteria wa laktobasilasi wa aina fulani, woga ukapungua, ila panya waliokatwa ule mshipa hawakubadilika chochote.

binti_Pangani: Malizia basi na ya 2017 😂 bakteria huyohuyo wakampa wanaume wenye afya zao, ikawa hola, msongo palepale. Panya sio mtu jamani.

Mzee wa Togwa: Elfu 85 si hela nyingi hiyo?? Togwa na mtindi vina bakteria kibao, kunyweni

DaktariUchwara: Mzee vizuri tu kunywa, lakini sio dawa ya sonona. Ubelgiji 2019 walipima watu zaidi ya 1000 wakakuta wenye sonona wamepungukiwa bakteria wa tumboni aina ya Coprococcus na Dialister, sasa nani kaanza, sonona au bakteria? Mtu akiwa na sonona hata kula anakula ovyo, bakteria nao wanakosa nyuzinyuzi za maharage na dona.

binti_Pangani: Kijogoo, hiyo antibayotiki inaitwaje? Kama ni siprofloxasini, soma kile kikaratasi cha ndani ya boksi, sonona imeandikwa kabisa kwenye madhara yake. Hapo unaanza na daktari aliyemwandikia, na asikatishe dozi kienyeji.

Kijogoo_wa_Mbagala: Duh, nimeangalia boksi, ndo hiyohiyo sipro na bado ana vidonge vya siku mbili. Kesho asubuhi tunarudi kwa daktari.

Mzee wa Togwa: na togwa mbebe