Dubwana limejikunja limelala, yeye anasema "jambazi"!

Wakuu, nimetoka kibanda umiza sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule mtafsiri wa movi mnamjua, yule anayecheka kabla kichekesho hakijafika. Leo kaweka Alien ya 1979. Mwishoni kabisa dubwana limejikunja katikati ya mabomba, limelala zake. Jamaa anashika maiki: "Lioneni jambazi limejificha!"

JAMBAZI! Kibanda kizima miluzi.

Nani jambazi pale? Wale wafanyakazi wa chombo cha angani ndio walioshuka kwenye sayari ya watu, mwenzao Kane akaenda kuinamia yai la dubwana achungulie. Kuku wa kienyeji tu ukimfanyia hivyo anakutoboa jicho! Na kampuni yao ilishaagiza kiumbe kiletwe hata wafanyakazi wafe wote, mwenzao Ripley kayasoma hayo kwenye kompyuta ya chombo. Hapo mtafsiri kimya, anatafuna karanga.

Ndani ya lile vazi la dubwana ni Bolaji Badejo, mwanafunzi wa Kinigeria, mita mbili na ushei. Ndugu yetu kabisa! Limelala kama mtoto mwenye homa, mara linapuliziwa gesi, linapigwa chusa, linatupwa nje, linaunguzwa na injini. Nimelia mpaka wa benchi la mbele akauliza kama paa linavuja. Jambazi!

Kidume cha Benchi la Nyuma: Mkuu, walikuwa saba, limeua watano. Jambazi halilali baada ya kazi?

Mleta uzi: Wamelianza! Na paka lilimkuta kwenye kiboksi, mbona halikumla?

Mama Karanga: Baba mzima unalilia mjusi. Nenda kalale.

Fundi Redio: Huyo mtafsiri ndiye aliyeharibu movi ya The Thing. Wanorwei wamefukua kiumbe kwenye barafu ya Antaktika, yeye anasema kimetumwa na mganga.

Mama Karanga: Tena mtu akitaka kufa anaingiza tangazo la sabuni.

Kidume cha Benchi la Nyuma: Afadhali tangazo. Mimi nimelipa 500, msumari wa benchi umenichania suruali ya sikukuu.

Mleta uzi: Jamani, LIMELALA, halafu anasema...

Fundi Redio: Msumari wa benchi la tatu? Hata mimi ulinichana Idi.

Msafiri wa Usiku: Kuna aliyeokota ndala ya bluu, ya kushoto? Ilinitoka wakati wa miluzi.