Grupu la Familia: Hamisi aagize gari ya stima sasa au angoje?

Hamisi: Assalam alaykum familia. Nataka ushauri kabla sijatoa pesa. Ile Premio imefika mwisho, fundi wa Ndeeba amesema giaboksi ikifunguliwa tena ni mamilioni na bado haitadumu. Nimeamua nachukua gari ya stima, mpya kabisa, BYD Dolphin ile ya betri kubwa ya kilowatisaa 60.4. Muuzaji anataka dipoziti asilimia 30 kufikia Ijumaa ili gari yangu ipande meli ya mwezi wa tano. Gari gani nimeshamaliza, msinirudishe huko. Nauliza lini. Wiki hii, au ningoje bajeti ya Uganda ya Juni tujue kodi, au nyumba ninayojenga Kira iishe kwanza niingie na mita yangu ya stima?

Mjomba Rajabu: Wa alaykum salaam. Ngoja. Mimi nimeshika usukani barabara ya Mbarara miaka 22 naijua kilomita kwa kilomita, gari ikikuishia chaji Lyantonde usiku unalala hapo. Petroli iko kila senta. Chaja ziko ngapi?

Hamisi: Mjomba kweli, lakini Mbarara naenda mara mbili kwa mwaka. Siku zote ni Ntinda na Industrial Area na Bombo kwa Mama.

Mjomba Rajabu: Na hizo mara mbili?

Hamisi: Nitapanda basi au nitaazima ya Baba mdogo. Kwenye karatasi Dolphin hii inaenda kilomita 427, mimi nimehesabu 330 hivi kwa barabara yetu yenye milima na mimi sio wa kwenda polepole. Kufika Mbarara nafika, ni 270. Kurudi ndio siwezi bila kuchaji huko, nakubali.

Mariamu: Kaka mimi nasema ngoja na sababu yangu sio ya Mjomba. Betri ndio bei ya hizi gari na betri inashuka bei karibu kila mwaka, wastani wa dunia 2023 ulikuwa dola 139 kwa kilowatisaa, 2024 ukawa 115. Na unakumbuka Tesla Januari 2023, walikata bei ghafla, watu wa China waliokuwa wamechukua gari wiki chache nyuma wakaenda kwenye showrumu kulalamika na hawakurudishiwa kitu. Sitaki uwe wewe.

Hamisi: Nimefikiria hiyo Mariamu, usiku silali. Lakini bei ikiwa inashuka kila mwaka basi kila mwaka kuna sababu ya kungoja, sasa ntanunua mwaka gani? Premio inakula kama laki na ishirini ya petroli kwa wiki. Hiyo pesa haingoji.

Baba mdogo Sadiki: Mimi ningengoja ya kwetu. Kijana wangu alikuwa Makerere 2011 siku ile Kiira EV, gari ya stima ya kwetu, inaendeshwa, watu walilia. Sasa kiwanda kiko Jinja.

Twaha: Baba mdogo mimi niko hapa Jinja na hiyo kazi inanipa moyo sana, lakini nguvu yao iko kwenye mabasi, Kayoola. Hamisi anataka gari ndogo ya watu watano.

Shangazi Zuhura: Nimesoma yote nikiwa kwenye foleni ya malori hapa Busia. Hamisi nisikilize mwanangu, mimi kazi yangu ni hii ya karatasi za forodha. Watu wengi wanafikiri ukiagiza mwezi wa nne unalipa kodi ya mwezi wa nne. Hapana. Kodi unalipa kwa kiwango cha siku karatasi zako zinaingizwa forodhani, siku uliyotoa dipoziti URA, watu wa kodi, hawaijui. Meli ikiondoka mwezi wa tano, ikifika Mombasa katikati ya Juni, ikipanda barabara mpaka Malaba, umeshaingia Julai Mosi na mwaka mpya wa fedha. Kwa hiyo wewe kusema niagize kabla ya bajeti hakukukingi na bajeti. Unaelewa?

Hamisi: Hiyo sikujua kabisa Shangazi. Muuzaji aliniambia nikimbie kabla ya Juni bei haijapanda.

Shangazi Zuhura: Anataka dipoziti yako. Sasa ngoja nikwambie na upande wa pili. Hapa kwetu huhitaji kungoja hotuba ya Juni ndio ujue. Miswada ya kodi huwa inapelekwa Bungeni kufikia Aprili mosi, iko wazi, mtu anaisoma. Ile ya forodha ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ndio hutoka gazetini mwisho wa Juni, hiyo ndio ya kuogopa kidogo. Ukitaka nafasi zaidi gari inaweza kukaa bondi, lile ghala la forodha, ukatoa karatasi ukishajua, ila bondi nayo inakula pesa kila siku. Muulize muuzaji maneno mawili na ajibu kwa maandishi sio kwa simu. Bei aliyokupa iko na kodi ndani au haiko? Na kodi ikibadilika njiani, nani anabeba?

Hamisi: Nampigia sasa hivi.

Shangazi Zuhura: Usipige. Andika.

Mariamu: Shangazi hiyo ya tarehe ndio iliwapata Marekani pia, ule msamaha wa kodi wa dola 7,500 kwa gari za stima uliisha Septemba 30, 2025, watu wakakimbilia kununua mwezi wa mwisho na baada ya hapo mauzo yakaanguka. Ila wao angalau tarehe ilikuwa inajulikana.

Twaha: Mimi naomba tuache kodi kidogo. Hamisi pale Ntinda umepanga. Yaka, ile mita ya stima ya kulipia kabla, ni ya nani?

Hamisi: Tunachangia mita moja nyumba tatu. Landlodi nilimwambia akasema hataki kusikia gari ikichomekwa kwake, na simlaumu, hizo waya ni za zamani.

Twaha: Na Kira?

Hamisi: Kira tumefika kwenye paa. Ombi la mita liko UEDCL, kampuni ya stima. Sioni kuhamia kabla ya Desemba.

Twaha: Basi ndio hapo. Gari itafika Julai, stima yako itafika Desemba. Miezi sita utakuwa unazunguka mjini kutafuta pa kuchomeka, utaichukia gari nzuri bure. Mimi nilikuwa nakuja kusema ngoja Kira. Lakini nimekaa nikapiga hesabu. Kwa wiki unaenda kilomita ngapi, zote, na Bombo ndani?

Hamisi: Kazini kwenda kurudi 18, mara tano ni 90. Bombo kama 80. Na ile ya kumpeleka Mama kliniki Mulago kama 70. Jumla 240.

Twaha: Kilomita 240 kwa gari hiyo ni kama uniti 38, yaani kilowatisaa 38. Soketi ya kawaida na ile chaja ndogo inayokuja na gari inatoa zaidi kidogo ya uniti 2 kwa saa. Kwa hiyo ni saa 17, 18 kwa wiki nzima. Wewe kila Ijumaa jioni uko Bombo kwa Mama mpaka Jumapili. Mama ana Yaka yake mwenyewe.

Hamisi: 😳

Hamisi: Kaka sikuwahi kufikiria Bombo. Nilikuwa nafikiria Kira tu.

Mjomba Rajabu: Na stima ikikatika wikendi nzima? Bombo inakatika.

Twaha: Mjomba inakatika ndio. Ila akiondoka Bombo imejaa, ana zaidi ya wiki moja ndani. Asishuke chini ya robo, basi. Na betri hiyo ya BYD, wanaiita Blade, ni aina ya LFP, kuijaza mpaka asilimia mia haina shida. Ninachokataa ni kuchomeka kwenye soketi za sebuleni. Zile waya ni nyembamba, za 2.5, na zina friji na pasi juu yake, ukivuta saa kumi mfululizo zinapata moto. Tunavuta laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya nene ya 6, breka yake, ethi mpya. Na waya ya 6 ukija kutaka chaja kubwa ya kilowati 7 huvunji ukuta tena.

Mama: Huyu ni Mama, Aisha ananiandikia. Nimesikia yote. Hamisi mwanangu usinunue gari kwa sababu ya kliniki yangu. Sadiki anaweza kunipeleka. Usijifunge deni kwa ajili yangu, baba yako alikuwa hivyo hivyo na nilimwambia.

Hamisi: Mama kliniki inaanza kila wiki mbili mwezi wa saba. Mara ya mwisho Premio ilichemka pale Matugga ukakaa kwenye jua saa nzima na presha yako ile. Sitaki tena. Sio kwa ajili yako peke yako, lakini na wewe umo.

Mama: Haya.

Mama: Na stima ya kwangu nani analipa?

Hamisi: Mimi Mama. Nitakuwa nakutumia tokeni za Yaka kila Ijumaa kabla sijafika, na za friji yako pia. Hata elfu 38 kwa wiki haifiki, naacha kulipa laki na ishirini.

Shangazi Zuhura: Amejibu muuzaji?

Hamisi: Amejibu. Bei haina kodi ndani. Na mabadiliko yote ya kodi ni juu yangu.

Shangazi Zuhura: Umeona. Asilimia 30 na hukujua. Sasa mwambie hutoi Ijumaa. Mwambie unataka mkataba wenye bei ya gari kwa dola, tarehe ya meli, dipoziti inarudi meli ikichelewa zaidi ya siku 45, na gari ni ya usukani kulia yenye plagi ya kuchajia ya CCS2, sio ile iliyotengenezwa kwa watu wa China wenyewe na plagi yao na skrini ya Kichina. Karatasi za forodha nitashughulika mimi. Akikubali unasaini wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Akikataa wako wengine.

Mariamu: Na kama bei ikishuka mwakani?

Hamisi: Itashuka Mariamu. Nitakuwa nimeshampeleka Mama mara kumi na mbili.

Mjomba Rajabu: Mimi bado nina wasiwasi na Mbarara. Lakini hiyo ya Bombo Twaha amefikiri vizuri. Siku ya kuvuta laini nitakuja kushika ngazi.

Twaha: Jumamosi saa tatu asubuhi. Tunavuta kabla hajasaini, nataka nipime mzigo wa mita ya Mama kwanza, nikiona haibebi tutaomba UEDCL wabadilishe na hapo Hamisi usisaini chochote mpaka wabadilishe.

Hamisi: Sawa kaka. Nitume ngapi ya vifaa?

Twaha: Nipimie kwanza kutoka boksi la stima mpaka upande wa stoo, usikadirie, pima.

Mama: Aisha amepima na ile futi ya kushonea. Mita 14. Na msiweke gari chini ya mwembe, maembe yanaanguka.