Mrejesho: somo la walowezi wa Oregon

Wakuu, niliomba ushauri namna ya kuwafundisha watoto wa darasa la tatu, hapa Marekani, habari za walowezi waliohamia Oregon, upande wa magharibi, miaka ya 1840. Kati ya mliyonishauri nilichukua wazo la chaki: nikachora sakafuni gari la kukokotwa na maksai, mita 3 kwa 1.2, wapange mizigo ya miezi mitano. Vurugu tupu! Mmoja anataka kitanda, mwenzake anadai unga kwanza. Waliposikia wengi walitembea kwa miguu, kama kilomita 3,200 kutoka Missouri, kimya. Kipindupindu kilichoua wengi njiani nacho kiliwashtua kuliko mishale ya wenyeji wanayoiona kwenye sinema. Kisha binti mmoja akauliza, "Kwani ardhi ilikuwa ya nani?" Mimi ndiye niliyepaswa kuanzia hapo. Kesho ni zamu ya Washoshone na Wanez Perce, baadhi ya wenyeji wa asili wa ardhi hiyo.