Je, Kenya irudishe uwindaji wa leseni uliofungwa mwaka 1977?

Mkaazi wa Likoni ameuliza:

Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Swali langu limetoka barazani kwetu Likoni, ambako juzi baada ya swala ya isha tulikaa kwenye kahawa hadi usiku mwingi tukibishana. Ami yangu analima mahindi na mihogo katika kijiji kilicho kando ya hifadhi ya Shimba Hills, kaunti ya Kwale. Msimu uliopita ndovu waliingia shambani mwake usiku mmoja tu, na kulipopambazuka hapakuwa na cha kuvuna. Alijaza fomu za fidia, akapiga picha, akapeleka mashahidi, na hadi leo kila akienda kuulizia anaambiwa asubiri. Mmoja wetu barazani, dereva wa lori anayevuka mpaka wa Lunga Lunga kila juma, akasema kwamba upande wa Tanzania mgeni hulipa maelfu ya dola ili awinde nyati au simba kwa kibali, na kwamba lau Kenya ingefanya hivyo, ami yangu angeonja faida ya mnyama badala ya kubebeshwa hasara yake peke yake. Mwingine akamjibu kwamba tukiufungua mlango huo tutawamaliza wanyama wote. Ningependa kuwasikia wanaolijua jambo hili kwa karibu. Marufuku ya mwaka 1977 yametusaidia nini, na je, fedha za mwindaji zingemfikia kweli mkulima wa Kwale?

Mstaafu wa Kisauni amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu, na umpe pole ami yako. Nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Tsavo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia hapa Mombasa, kwa hiyo nitaeleza ninayoyajua.

Watu wengi wanaamini kwamba serikali ilipopiga marufuku uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya nyara, yaani pembe, ngozi na mapambo ya wanyama, basi ndovu walipona. Haikuwa hivyo. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000, na kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki takriban 16,000. Waliendelea kupungua hata sheria ya kuwalinda ikiwa tayari vitabuni, kwa sababu aliyekuwa akiwaua hakuwa mwindaji mwenye leseni bali jangili mwenye bunduki ya kivita, na bei ya pembe ng'ambo ilikuwa juu. Katika eneo la Tsavo, ambako maelfu walikuwa wamekufa katika ukame wa 1970 na 1971, hesabu ya 1988 haikufika 7,000. Kilichobadilisha mambo ni yaliyokuja baadaye: Rais Moi kuchoma tani 12 za pembe mjini Nairobi Julai 1989, dunia kufunga biashara ya pembe mwaka huohuo, na KWS, shirika la serikali la kulinda wanyamapori, kuundwa ikiwa na askari waliofunzwa na kupewa silaha. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu 36,280 nchini, na karibu 15,000 kati yao walikuwa Tsavo. Nasi wa Mombasa tusijitoe katika habari hii, kwani pembe nyingi zilipitia bandari yetu, na Juni 2014 zaidi ya tani 2 zilikamatwa katika ghala moja humu mjini.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba marufuku yametosha, kwa sababu ndovu si mnyama pekee. Watafiti waliolinganisha hesabu za kutoka angani walionyesha kwamba kati ya mwaka 1977 na 2016 wanyamapori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Tangu marufuku hayo hakukuwa na leseni ya kuwawinda wanyama hao kwa burudani. Waliomalizwa ni pofu, kongoni, twiga na choroa, na waliowamaliza ni mitego ya waya, nyua za mashamba, ongezeko la mbuzi na kondoo, na ukame. Sehemu kubwa ya wanyama wetu huishi nje ya mbuga, kwenye ardhi ya watu, na mwenye ardhi asipopata chochote kutokana na pofu ataiuza ardhi hiyo au ataikata kuwa mashamba. Hapo hoja ya yule dereva wa lori ina uzito, nami sitaidharau.

Kuna kisa kimoja ambacho vijana wa Pwani hawakisikii siku hizi, nacho kinanisikitisha kila nikikikumbuka. Wawaata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliishi kwa kuwinda ndovu katika nyika ya Tsavo na Galana kwa pinde kubwa na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948 waligeuzwa wahalifu katika ardhi ya babu zao, na katika msako wa 1956 na 1957 wengi wao walifungwa jela. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, ili wavune ndovu kwa hesabu na kwa halali, nao wapate ajira na nyama. Wazo lilikuwa jema, lakini mpango wenyewe haukumaliza hata miaka kumi, ardhi ikawa ranchi ya ng'ombe, na Wawaata wakabaki bila uwindaji na bila ardhi. Kila nikisikia mtu akisema kwamba uwindaji utawatajirisha wenyeji, huuliza kwanza ardhi ni ya nani na sahihi ya mkataba ni ya nani.

Binti wa Changamwe amejibu:

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru kwa maelezo hayo. Ninafanya kazi ya kuwapeleka wageni safarini Tsavo na Amboseli, kwa hiyo riziki yangu inatokana na mnyama aliye hai, na ninakiri hilo mapema ili msomaji ajue ninapozungumzia.

Ningependa tutazame yaliyotokea mpakani, kwa sababu ndiyo mfano ulio karibu nasi zaidi. Ndovu wa Amboseli huvuka kwenda Enduimet, upande wa Tanzania, bila kujua mpaka uko wapi. Kati ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, madume wasiopungua watano wenye pembe kubwa walipigwa risasi huko na wawindaji wenye vibali. Enduimet ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, maana yake vijiji vilitenga ardhi yao na vina fungu katika mapato, kwa hiyo sitadai kwamba wenyeji hawakupata kitu. Ninachouliza ni hasara imewafikia nani. Ndovu wa Amboseli wamefuatiliwa na watafiti kwa miongo, wamezoea magari kiasi cha kutokimbia mtu, na madume kama wale huwaleta wageni upande huu mwaka baada ya mwaka. Aliyepigwa risasi mara moja amelipiwa mara moja.

Tena kuna jambo ambalo wanaosema "dume mzee hana kazi" hawalijui. Ndovu dume huzaa zaidi akiwa na umri wa miaka 40 na kuendelea, na ndiye anayewatia adabu vijana. Huko katika mbuga ya Pilanesberg, Afrika Kusini, waliletwa ndovu wadogo wasio na wakubwa wao, nao walipobalehe wakaanza kuwashambulia vifaru na kuua zaidi ya 40 katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 walipelekewa madume wakubwa 6 kutoka mbuga ya Kruger, na mauaji yakakoma. Mwindaji wa kitalii hutafuta dume huyohuyo mwenye pembe ndefu. Hatamtaka ndovu jike mwenye ndama aliyekula mahindi ya ami yako, kaka, na hata angemtaka, Shimba Hills imezungukwa na vijiji na shule kiasi kwamba sioni ni wapi mtu angefyatua risasi kwa usalama.

Kuhusu fidia ninakubaliana nawe kwa moyo wote. Sheria ya mwaka 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na kuna familia zilizosubiri miaka. Hilo ni deni, na halihitaji bunduki ya mgeni ili lilipwe.

Mwalimu wa madrasa, Kibokoni, amejibu:

Nitaongeza machache tu. Katika dini yetu kuwinda kwa ajili ya kula kumeruhusiwa, na Suratul Maida imetaja hata wanyama waliofunzwa kuwinda, lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mwenye njaa aliyetega paa na tajiri anayetaka kichwa cha simba ukutani hawalingani mbele ya macho yangu, ingawa katika mijadala yetu tunawaita wote wawindaji.

Mkaazi wa Likoni amerudi:

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nilimsomea ami majibu haya kwa simu. Alisikiliza kwa makini, kisha akanikumbusha kwamba mwaka 2005 KWS iliwahamisha ndovu wapatao 150 kutoka Shimba Hills hadi Tsavo, na kwa muda fulani alilala usingizi. Alisema pia kwamba jirani zake wa Mwaluganje, Wadigo na Waduruma, walitoa mashamba yao yakawa hifadhi ya ndovu tangu mwaka 1995, nao hugawiwa mapato ya wageni, ingawa mgeni akipungua na mgao hupungua. Nilipomuuliza kama angetaka mwindaji aletwe, alijibu kwamba anachotaka ni kuvuna alichopanda.

Sasa nina ombi kwa Mzee wa Kisauni. Nimesikia kwamba wakulima wa Sagalla, karibu na Voi, wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya, kwa sababu ndovu humwogopa nyuki. Je, unamjua mkulima yeyote huko ambaye angekubali kumpokea ami yangu kabla ya mvua za vuli, akaione kwa macho yake?

Mstaafu wa Kisauni amejibu:

Nawajua wawili. Mwambie ami yako apande gari la Voi siku ya Jumamosi, nami nitampokea stendi.