Kalenda ya kompyuta kwa chekechea: slaidi, lahajedwali au kishikwambi?

kalenda_ya_awali
Habari wakuu. Darasa lina watoto 20 wa miaka 4 hadi 5, laptopu 1, projekta na vishikwambi 2. Wanatakiwa kujua jana, leo na kesho, kuhesabu siku, na kupanga taarifa ndogondogo kama hali ya hewa. Nianze na kipi: slaidi, lahajedwali (kama Excel) au kishikwambi?

seli_kwa_seli
Slaidi kwa kalenda, lahajedwali kwa hali ya hewa. Usikibebeshe kimoja kazi zote mbili.

Kalenda: chora jedwali la safu wima 7 na mistari 6. Mistari 5 haitoshi mwezi wa siku 31 ukianzia safu ya sita au ya saba. Jedwali hilo liweke kwenye slaidi kuu, ile inayobeba mpangilio wa slaidi zote. Likikaa kwenye slaidi ya kawaida, mtoto anataka kuburuta picha ya jua, anaburuta jedwali zima, na somo limeishia hapo. Andaa mapema nakala za jua, wingu na mvua, zikae rundo pembeni. Usifungue onyesho la slaidi, kwa sababu humo picha haziburutiki. Baki kwenye ukurasa wa kuhariri.

Visanduku vilivyo kabla ya tarehe 1 vipake kijivu. Vikibaki vyeupe, watoto watavihesabu.

tano_mbili
Na majina ya siku je? Kiswahili kinahesabu kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kalenda nyingi za kompyuta zinaanza Jumapili au Jumatatu, kwa hiyo mtoto aliyeanza kujua namba anaikuta "tatu" kwenye safu ya kwanza au ya pili, na ana haki ya kushangaa.

Anzisheni wiki Jumamosi. Google Calendar inakuruhusu kuchagua hivyo kwenye mipangilio. Kwenye Excel au LibreOffice Calc, ukiweka tarehe kwenye seli A1, =WEEKDAY(A1;16) inatoa 1 kwa Jumamosi, 2 kwa Jumapili, hadi 5 kwa Jumatano. Ikileta kosa, badili nukta-mkato iwe koma. Inabaki Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni "ya tano"! Hilo waachieni wakubwa. Mtoto mpeni rangi ya siku hiyo tu.

rula_na_rangi
Hapo kwenye Jumamosi mimi sipo. Kalenda ya ukutani anayoiona kila siku haianzi hivyo, na anayeshika mahali badala ya jina atapotea akihama ukurasa. Rangi inatosha: siku 7, rangi 7, na rangi ifuate jina popote safu inapokwenda.

Kuhusu kishikwambi: GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia watoto, ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaisakinisha, na ina zoezi la kalenda. Ila zoezi hilo linataka mtoto asome tarehe, kwa hiyo kwa miaka 4 ni mapema. Humo chukua mazoezi ya kupanga vitu, na kwenye laptopu yale ya kuzoea kipanya.

tano_mbili
Rangi 7 kwa watoto wa miaka 4, zambarau na buluu zitagombana. Jaribu kwenye projekta kwanza, nyingi hufifisha.

seli_kwa_seli
Narudi kwenye hali ya hewa. Msitumie chati ya kujichora yenyewe bila kuifunga kipimo. Mhimili ukiachwa ujipange, siku data inapovuka kiwango chati nzima inajipima upya: nguzo ya mvua iliyokuwa ndefu jana leo imefupika, na mtoto anasema mvua imepungua. Weka chini 0, juu 31. Bora zaidi, achana na chati: safu 3 zenye picha juu, kila siku mtoto mmoja anapaka rangi seli moja. Seli ziwe za mraba, zote sawa. Zikitofautiana urefu, seli 4 kubwa zitaonekana nyingi kuliko 5 ndogo.

kipanya_polepole
Kabla ya yote hayo, punguza kasi ya kishale na bandika stika kwenye kitufe cha kushoto. Padi ya kugusa ya laptopu iacheni, kuburuta kwa vidole viwili vidogo hakuwezekani kwa wengi wao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 3 hadi 4 wasizidi saa 1 ya skrini kwa siku, pungufu ni bora. Dakika 10 za kalenda zinatosha. Zamu za wengine zifanyike kwa kadi zilizochapishwa kutoka slaidi hiyohiyo.

kalenda_ya_awali
Nachukua slaidi na seli za rangi. Picha za matukio ya kila siku nizipange vipi kwenye folda?

seli_kwa_seli
Mwaka, mwezi, siku: 2025-03-04. Ukiandika 1, 2, 10 bila sifuri mbele, baadhi ya programu zinaiweka 10 kabla ya 2, na watoto watakuwa wa kwanza kukuambia umekosea.